Mama Hakusimama

Katika kigango chetu kila mtu alijua nani anakomunika, yaani anapokea ekaristi, na nani hakomuniki, wala haikuhitaji upelelezi. Kanisa lilikuwa banda refu la tofali za udongo, wanaume kushoto, wanawake kulia. Padri alikuja kutoka parokiani mara moja kwa mwezi, na tulimsikia kwa pikipiki yake muda mrefu kabla ya kumwona. Wakati wa komunyo ukifika, watu waliinuka wakapanga mstari, na waliobaki wamekaa wakaonekana peupe kama visiki kwenye shamba lililofyekwa. Yule ni mke wa pili. Yule hajafunga ndoa ya kanisani kwa sababu ng'ombe wa mahari hawajatimia. Yule mzee amerudi kwa waganga tangu mwanawe augue. Sababu zao zilijulikana, watu wakazizoea, na kwa hiyo waliachwa wapumzike.

Aliyewapa watu kazi ni yule asiyekuwa na sababu inayojulikana. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtu huyo alikuwa mama yangu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sijaolewa, sina shule ya kwenda, yaani nilikuwa na muda mwingi wa kukasirika. Nilikaa benchi moja na mama. Alipoinama na kujifunika kanga usoni, mstari ukipita pembeni yetu, nilihisi macho ya kanisa zima yakishuka mgongoni kwangu. Nilisimama, nikaenda kupokea, nikarudi, nikampita miguuni kama mtu anayepita mgonjwa kitandani. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Na uliofuata.

Niseme ilivyoanza. Mvua zilikuwa zimetupa mgongo misimu miwili mfululizo. Pamba ilikauka ikiwa kimo cha goti, na mtama ukatoa masuke yasiyojaza kiganja. Habari zikaja kwamba huko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, watu wamejaa, wanashinda kwenye maduara yao ya kuchimbia, na hakuna wa kuwapikia. Baba hakuweza kwenda, maana ng'ombe hawaachwi. Akaenda mama. Aliondoka kwa ruhusa ya baba, mchana kweupe, na sufuria kubwa kichwani. Aliporudi miezi mingi baadaye alishushwa na lori pamoja na gunia la mahindi, debe la mafuta na vitenge vya kutugawia. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua, hata kanga ilimzunguka mara mbili. Tulifurahi sana. Tulilia, tukacheka, tukapika.

Ila tangu arudi hakukomunika hata mara moja, na hakusema kwa nini.

Kwa watu wa kijijini hiyo ilikuwa hesabu rahisi. Machimbo yana wanaume wengi, wana fedha, wanakunywa. Mwanamke ametoka huko, haendi mezani pa Bwana. Basi. Kisimani wanawake walikuwa wakizungumza, nikifika wanaanza kusifia ndoo yangu. Hata ndoo yenyewe ilikuwa inavuja.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba watu wale hawakuwa wajinga wa dini. Walijua kabisa kwamba Yesu alikataza kuhukumu wengine. Tulifundishwa wote, na katekista yule yule, habari ya mtu anayehangaika na kibanzi kwenye jicho la mwenzake huku la kwake lina boriti. Tukiwa watoto tulikuwa tunaangalia boriti za paa la kanisa na kujiuliza ingeingiaje jichoni, tukacheka mpaka tukachapwa. Tulifundishwa pia kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza peke yenu wawili, mzungumze. Asiposikia, uchukue mmoja au wawili uende nao. Akikataa kabisa, ndipo uliambie kanisa. Mpango mzuri, una adabu. Kwetu walianza na kanisa. Hakuna aliyekuja kwa mama, akakaa naye jikoni akachambua mboga naye, akamwita mama kwa kilugha, "Mayu, una nini?" Hakuna. Baba mwenyewe hakuuliza.

Baba alibadilika polepole. Kwanza aliacha kumtania mama. Kisha akaacha kusifia chakula. Kisha akawa anazungumza naye kwa kupitia kwetu, "Mwambieni mama yenu ndama ameponyoka," na mama amesimama pale pale anamsikia.

Jioni moja nilipeleka maji ya kunawa shikomeni, kule kwenye moto wa uani ambako wanaume walikaa na kula. Baba alikuwa na katekista, wamenipa mgongo. Nikamsikia baba akisema, "Padri anakuja Jumapili hii. Mke wangu akibaki amekaa tena, Jumatatu nampeleka kwao. Nimeshawaambia ndugu zangu."

Katekista akasema, "Usifanye haraka, baba."

"Haraka gani? Mwaka unakwisha. Mtu asiyekosa anaogopa nini?"

Niliweka maji chini nikaondoka bila kuwanawisha, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea fimbo. Jumapili ilikuwa inakuja, na mama alikuwa jikoni anapuliza moto, hajui kwamba safari yake imeshapangwa.

Sikukaa tena mahali pamoja. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilichota maji mpaka mitungi ikafurika. Nilitaka kumuuliza, na mara kadhaa nilifungua mdomo, lakini binti anamuulizaje mama yake swali kama lile? Ukimuuliza kama ana mwanamume, umeshamtukana. Nikawa namtazama tu, anapopika, anapopepeta, anapokwenda shambani, na kadiri nilivyomtazama ndivyo na mimi nilivyoanza kuona mambo. Mbona anaamka mapema kuliko zamani? Mbona anajifuta mdomo?

Alfajiri moja ya juma lile niliamka kuwahi foleni ya kisima. Kulikuwa kunapambazuka. Nyuma ya nyumba ya jiko niliona moshi mwembamba mahali pasipo na moto wa kawaida. Nikasema, leo leo. Nikachukua mchi wa kinu, mzito, nikazunguka kwa kunyata, nikiwa nimejiandaa kumpasua kichwa bwana yeyote atakayekuwepo.

Hapakuwa na bwana. Mama alikuwa amechuchumaa peke yake mbele ya mafiga madogo, anakunywa uji moja kwa moja kutoka kwenye kisufuria, uji wa moto unaochemka, anaumeza haraka huku machozi yanamtoka kwa kuungua.

"Mama."

Alikificha kisufuria ndani ya kanga. Kikamuunguza, akakitoa tena.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona uji."

"Usimwambie baba yako. Nakuomba, mwanangu, usimwambie mtu."

Msomaji wa mahali pengine atasema, uji tu? Lakini kwetu chakula hakiliwi kwa kujificha. Wanaume hula pamoja shikomeni, kila nyumba ikileta chake. Wanawake na watoto hula chombo kimoja. Mtu anayekula peke yake huogopwa kuliko mwizi, na wakitaka kusema fulani ni mchawi huanza kwa kusema kwamba fulani hula amejifungia. Na huo ulikuwa mwaka wa njaa. Wadogo zangu walikunywa uji mchana, jioni wakatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wakalala. Unga ulipimwa kwa kiganja. Nilikasirika. Tumbo langu ndilo lililokasirika kwanza, maana harufu ya ule uji ilikuwa nzuri.

"Unakula peke yako, mama? Watoto wako wamelala na njaa!"

Hakujitetea kwa sauti. Alinivuta nikachuchumaa, akanieleza kwa kunong'ona. Kule machimboni aliugua tumbo. Lilimchoma kama mtu amemezeshwa makaa, na siku moja akatapika damu. Wachimbaji wakampeleka zahanati. Daktari akamwambia ana vidonda vya tumbo, na dawa hana. Akamwambia asikae na tumbo tupu, na hasa asingoje jua lichomoze kabla ya kutia kitu. Akikaidi vitatoboka afe. Ndiyo maana aliamka kabla yetu akapika ule uji kidogo, na mchana alipotugawia, fungu lake alilirudisha kwenye chungu chetu ili unga usipungue kwa ajili yake. Hapo nikakumbuka kwamba kweli, mchana sikumwona akila. Nilidhani ameshiba.

"Sasa komunyo?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Nimpokee Bwana juu ya uji?"

Mama alibatizwa akiwa msichana, zamani za mapadri wazungu wenye ndevu. Katekista wetu, wakati huo akiwa kijana, ndiye aliyemfundisha, kwa fimbo. Walifunga tangu usiku wa manane. Hawakula wala kunywa hata tone la maji, na msichana mmoja aliyekinga mvua kwa ulimi akienda kanisani alirudishwa benchi. Mama alikuwa ameishika sheria ile maisha yake yote, bila kuikosa. Sisi watoto tulifundishwa kufunga kidogo tu kabla ya kupokea. Aliona hiyo ni huruma kwa watoto.

"Ilibadilishwa kwa wote, mama! Na padri anafika mchana, uji wenyewe utakuwa umeshaisha tumboni."

"Katekista hajaniambia."

"Basi mwambie baba. Mwambie una vidonda, unakula. Unajua anataka kukufanya nini Jumatatu?"

Nikamwambia. Aliufunika moto kwa majivu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Mwenye mwanamume atatubu, watamsamehe, kesho watacheka naye kisimani. Aliyekula amejificha na watoto wake wana njaa, nani atakaa naye chombo kimoja tena? Acha waseme ni mwanamume."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilirudi ndani na mchi wangu.

Jumamosi alasiri jumuiya ya majirani ilikuja kusali kwetu. Wakaja na vigoda na rozari, wakakaa kivulini ukutani. Katekista alikuwa mtu mwema, nimkiri, na nadhani alitaka kuwalainisha watu, maana somo alilochagua lilikuwa lile lile la kutohukumu. Akalisoma taratibu. Wakasema "Sifa kwako, ee Kristo." Kisha wakaanza kushirikishana, na mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya asali, akasema Bwana ametukataza kuhukumu, kweli, ila hakutukataza kuona. Wengine wakaguna kukubali. Akasema sisi hapa hatumhukumu mtu, tunamwombea. Ila ili tumwombee vizuri, lazima tujue tunaombea nini.

Wote wakamtazama mama.

"Mayu," mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "sema tu mwenzetu. Machimbo ni machimbo, hakuna asiyejua. Mungu anasamehe, na sisi tumekuja tayari kukusamehe."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anatazama kandambili zake za tairi. Laiti angeinua macho, pengine mama angesema kweli. Hakuinua.

"Basi," mama akasema, "ni hivyo hivyo mnavyosema."

Pumzi ikawatoka watu, ya kuridhika. Mwenyekiti akafungua mikono kama anayetaka kumkumbatia. Baba akainuka akaelekea kwenye zizi, mgongo umempinda ghafla. Na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mama anasema uongo!" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. "Hana mwanamume. Anakula! Kila alfajiri anakula uji nyuma ya jiko, peke yake, kwa sababu tumbo lina vidonda, na mlimfundisha aliyekula asipokee!"

Mwenyekiti alifumba mdomo, akaufumbua. "Anakula nini?"

"Uji!"

Mama alijifunika uso. Niliangalia zile nyuso moja baada ya nyingine, na niliona kitu ambacho sikukitegemea. Wote walikuwa wamekuja na msamaha wa mwanamume mikononi, wameuandaa vizuri, na sasa hawakujua pa kuuweka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu na miguu yake. Mwenyekiti, aliyekuwa anataka kukumbatia, aliirudisha mikono yake mapajani.

Nikamgeukia katekista. "Ile sheria ya usiku wa manane bado ipo?"

Akajikohoza. "Ililegezwa zamani."

"Uliwaambia wazee?"

"Niliwafundisha watoto. Wazee hakuna aliyeniuliza."

Walisali sala ya kumaliza, wakabeba vigoda vyao wakaondoka, na maji niliyowatengea yalibaki bila kunywewa. Mama hakuzungumza nami mpaka giza lilipoingia, na aliponisemesha aliniita kwa jina la ukoo, kama mgeni. Nilistahimili. Nilimpotezea mashoga zake, najua, lakini nyumba ilikuwa inabomoka, na sijutii hata leo.

Baba alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi muda wote, ameshika mti wa komeo.

Jumapili alfajiri niliamshwa na mlio wa kuni zinazovunjwa. Nikadhani ni mama. Nikatoka, nikamkuta mama amesimama mlangoni ameshika kanga kifuani, anatazama jikoni kana kwamba kumeingia fisi. Ndani alikuwa baba. Mwanamume wa kwetu haingii jikoni, na alionekana hivyo: amepiga magoti, macho mekundu kwa moshi, anakoroga uji kwa mwiko ulioshikwa kama jembe. Uji ulikuwa na madonge. Akaumimina katika bakuli mbili, moja akampa mama, nyingine akaishika mwenyewe.

"Kunywa," akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia moja kwa moja kwa muda mrefu.

"Na wewe?" mama akauliza.

"Nakunywa na wewe. Hutakula peke yako kwenye nyumba hii."

Wakanywa, wamechuchumaa, bila kutazamana. Mama alikuwa analia na kumeza. Mimi nilirudi ndani, maana nilijua hapo si pangu.

Mchana padri alipofika, katekista alimwendea kabla ya misa, na padri akamwita mama pembeni. Akamwambia kwamba mgonjwa hata zamani hakubanwa na sheria ile, na sasa imelegezwa kwa watu wote, apokee kwa amani. Wakati wa komunyo mama alisimama. Nilimwona akitembea katikati ya mabenchi, kanga imemlegea, hatua zake ndogo. Nikafurahi mpaka nikasahau kupanga mstari.

Halafu nikaangalia upande wa wanaume. Baba, ambaye siku zote alikuwa wa mbele kwenye mstari, alikuwa amekaa.

Jumatatu hakumpeleka mtu kwao. Ndugu zake walikuja, wakanyweshwa uji, wakaondoka. Wanawake walirudi kwetu polepole sana, na ulipita msimu mzima kabla mama hajaitwa tena kupika kwenye msiba. Lakini maneno yalikwisha hamia kwa baba, maana mwezi uliofuata alikaa tena, na ule mwingine. Nilimweleza nikidhani hajaelewa. Nikamwambia, baba, kufunga ni muda mfupi tu, uji wa alfajiri haukuzuii. Akasema ameelewa. Kijiji kikaanza hesabu zake upya. Mwanamume anayepika uji, si ameshalishwa limbwata na mkewe huyo? Wengine wakasema hapana, ana mwanamke Kahama. Mwenyekiti wa jumuiya akatangaza kwamba tumwombee.

Safari hii mtu mmoja alikuja kuuliza. Katekista alikuja peke yake, bila kitabu, akakaa shikomeni wakati bado kuna mwanga. Nilikuwa naosha vyombo karibu, na hawakunificha.

"Baba," akasema, "nimekuja kukuuliza. Mbona hukomuniki?"

Baba aliusogeza ukuni kwenye moto. "Mwaka mzima nilikuwa nainuka, nampita mke wangu amekaa pale, nakwenda kupokea. Na moyoni nimeshamfunga, nimeshamhukumu, nimeshamrudisha kwao. Nikarudi kwenye benchi langu mdomo umefumbwa kwa heshima. Nimeungama, padri amenisamehe. Lakini acha nikae kidogo. Nataka kujua pale panakalikaje."

"Watu wanasema, baba."

"Nawasikia."

Katekista alisogeza kigoda chake kikawa sambamba na cha baba, wakakaa hivyo mpaka mama alipoleta chakula, na wote watatu wakala kutoka bakuli moja.